Programu huria au programu miliki: biashara ya Uganda ipime nini kabla ya kuchagua

Mwenye biashara Kampala, Mbarara au Arua akitafuta programu ya mauzo, uhasibu au mishahara, swali la kwanza analoulizwa ni kama anataka ya bure au ya kulipia. Swali hilo limewapotosha wengi. Kuna programu huria zinazogharimu mamilioni kuziendesha, na kuna programu miliki za bei ndogo ambazo hufanya kazi yake vizuri kwa miaka. Sisi tunashauri uanze kwa maswali mawili mengine: ikiharibika, nani anaweza kuitengeneza? Na siku ukitaka kuhama, data yako itatokaje? Bei ipimwe baada ya hapo.

Leseni inaruhusu nini

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma msimbo wake (maandishi ya maagizo yanayoiunda), kuubadilisha na kuwapa wengine. Linux, LibreOffice, PostgreSQL, WordPress na ERPNext ziko katika kundi hili. Programu miliki inakupa ruhusa ya kutumia tu, kwa masharti ya mwenye nayo, na msimbo unabaki kwake. Humo ndimo zilimo Windows, Microsoft Office, na programu za uhasibu za QuickBooks, Tally na Sage.

Leseni huria zenyewe hazifanani. MIT na Apache 2.0 zinakuachia karibu kila kitu, mradi uhifadhi tangazo la hakimiliki. GPL inadai kwamba ukiibadilisha programu na kuigawa, ugawe na msimbo wake kwa leseni hiyohiyo. AGPL inakwenda mbali zaidi: hata ukiibadilisha na kuitoa kama huduma ya mtandaoni tu, wanaoitumia wana haki ya kupata msimbo. Duka, shule au SACCO inayoitumia programu ndani ya ofisi zake haina la kuhofia hapa. Unaweza kuibadilisha programu ya GPL upendavyo, na usipoigawa nje hudaiwi chochote. Anayepaswa kusoma leseni neno kwa neno ni kampuni inayotengeneza programu za kuuza.

Kuwa mwangalifu zaidi na programu zenye matoleo mawili, moja huria na jingine la kulipia. Odoo, programu ya kuendeshea mauzo, stoki na uhasibu, ni mfano ulio wazi. Toleo la Community ni huria na linatoa ankara na kupokea malipo, lakini uhasibu kamili, pamoja na ripoti za fedha na kulinganisha hesabu na taarifa ya benki, uko kwenye Enterprise, inayolipiwa kwa kila mtumiaji. Duka linasimikiwa Community, mauzo yanakwenda vizuri, na mwisho wa mwaka mhasibu anauliza mizania iko wapi. Mwambie muuzaji akufungulie mizania na taarifa ya faida na hasara kwenye toleo lilelile atakalokusimikia. ERPNext, programu ya kazi kama hizo, ina uhasibu kamili bila toleo la kulipia, ila tangu toleo la 14 kazi ya mishahara ilihamishiwa Frappe HR, inayosimikwa kando, na lazima mtu aingize viwango vya PAYE pamoja na NSSF: asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na 10 kutoka kwa mwajiri.

Kopi ya kukraki haimo kwenye mashindano

Wengi husema programu huria haina haja kwa sababu QuickBooks yao nayo ni ya bure. Wanachokuwa nacho ni kopi iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kinga yake ya leseni, na hiyo inaharibu hesabu nzima. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Lakini hata ukiiweka sheria kando, hasara kubwa iko kwenye masasisho. Aliyekraki huzima masasisho ili ukraki usigunduliwe, na kuanzia siku hiyo kompyuta haizibwi tundu lolote jipya.

Matokeo yake yalionekana Mei 2017. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha Windows mwezi Machi. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu lilelile na kufunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi duniani. Waliokuwa wamesasisha walipona. Jambo la pili ni kwamba faili la kukraki lenyewe huombwa kuendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi na kinga ya virusi ikiwa imezimwa, yaani unamfungulia mlango mtu usiyemjua kwenye kompyuta yenye leja yako.

Kwa hiyo unapolinganisha, weka mezani bei halali ya leseni. Ikikushinda, hapo programu huria inakuwa jibu la kweli. Hili linagusa hata kompyuta zenyewe. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Kompyuta za mtumba za kizazi cha 4 hadi 7 hazikidhi. Zikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD zinaendesha Linux Mint bila shida kwa kazi za kivinjari, barua na kaunta.

Hesabu ya miaka mitano

Tuchukue tarakimu za mfano. Wewe utaweka zako. Programu miliki ya mtandaoni inatoza dola 10 kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Kwa miaka mitano hiyo ni dola 600 kwa mtu, na dola ikiwa shilingi 3,700 inakuwa shilingi 2,220,000. Upande wa pili, programu huria kwenye seva yako ofisini: seva milioni 5, UPS (kifaa cha akiba ya umeme) na betri milioni 3, na mkataba wa fundi wa shilingi 600,000 kwa mwezi, yaani milioni 36 kwa miaka mitano. Jumla milioni 44.

Ofisi ya watu 8 italipa milioni 17.8 kwa programu miliki. Kwa ofisi hiyo, programu ya "bure" ni ghali mara mbili na zaidi. Ofisi ya watu 40 italipa milioni 88.8, ilhali gharama ya seva na fundi haipandi kwa kasi hiyo. Mistari ya gharama hizo mbili inakutana karibu na watumiaji 20. Kama muuzaji wa nje anaongeza VAT ya asilimia 18 na wewe huwezi kuidai, kama ilivyo kwa shule au SACCO isiyosajiliwa VAT, mistari inakutana mapema zaidi, karibu na watumiaji 17.

Hatari ambayo hesabu hii haionyeshi ni dola yenyewe. Mwaka 2015 ilianza chini ya shilingi 2,900 na kufikia Septemba ilikuwa imevuka 3,600. Biashara inayouza kwa shilingi na kulipa leseni kwa dola inapaswa kujiuliza kama inaweza kubeba ongezeko la namna hiyo katikati ya mwaka. Mkataba wa fundi wa hapa hulipwa kwa shilingi.

EFRIS kwanza

Kwa biashara iliyosajiliwa VAT, programu isiyozungumza na EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki, haifai hata ikiwa nzuri kiasi gani. Mfumo huu wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ulianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2021. Kila ankara hurudi na namba yake ya hati, namba ya uhakiki na QR, na mnunuzi asipoipata hawezi kudai VAT aliyolipa. Mwenye ankara tano kwa siku anaweza kuziandika kwa mkono kwenye tovuti ya URA. Mwenye ankara mia anahitaji programu yake iunganishwe moja kwa moja na seva za URA, la sivyo kila mauzo yataandikwa mara mbili na vitabu viwili havitalingana.

Muunganisho huu ndipo kazi nyingi huharibikia, na sababu mara nyingi ni vipimo vya bidhaa. Chukua duka la vifaa vya ujenzi Arua. Misumari inanunuliwa kwa katoni ya kilo 25 na kuuzwa kwa kilo. Karani anaisajili EFRIS kwa kipimo cha katoni na kuingiza stoki ya katoni 10. Programu ya kaunta inapeleka namba tu, "3", kwa mteja aliyenunua kilo tatu, na EFRIS inapunguza katoni tatu. Baada ya wateja watatu wa namna hiyo EFRIS inaona katoni moja imebaki, na ankara ya nne inakataliwa kwa stoki kutotosha, wakati stooni kuna kilo 241. Dawa ni kusajili bidhaa kwa kipimo kidogo kabisa unachouzia, au kutumia nafasi ya kipimo cha pili iliyopo EFRIS na kuweka uwiano wa 1 kwa 25, kisha kuhakikisha programu yako inatuma kipimo kilekile.

Tatizo la pili ni kukunja senti, yaani kuziondoa ili kupata shilingi kamili. Bei ya shilingi 10,000 yenye VAT ndani ina kodi ya 1,525.42. Programu ikikunja kila mstari kuwa 1,525, ankara ya mistari kumi inaonyesha 15,250; ikikokotoa kwa jumla inaonyesha 15,254. Shilingi nne zinatosha kuzuia ankara au kumsumbua mhasibu mwisho wa mwezi. Muulize anayekuunganishia anakunja wapi.

Kwa Odoo na ERPNext kuna moduli za EFRIS zilizotengenezwa na watengenezaji wa hapa, nyingine zikiuzwa. Kwa QuickBooks na Tally kuna viunganishi vya kununua. Kwa vyovyote, jaribu mambo manne mbele ya muuzaji kabla hujalipa: ankara ya kawaida, ankara inayochanganya bidhaa za asilimia 18, za asilimia sifuri na zilizosamehewa kodi, noti ya kurudisha fedha, ambayo hupitia idhini ya URA, na ankara iliyotolewa intaneti ikiwa imekatika. La nne huachwa mara nyingi, na ndilo litakalokukuta Jumamosi jioni kaunta imejaa. Mkataba useme URA ikibadilisha masharti ya kiufundi, moduli itasasishwa ndani ya siku ngapi na kwa gharama ya nani.

Excel na marejesho ya kodi

LibreOffice inatosha kwa barua, nukuu za bei na majedwali mengi. Inapogoma ni kwenye makro, yaani programu ndogo zilizo ndani ya faili. URA imekuwa ikitoa fomu za marejesho kama PAYE kwa mafaili ya Excel yenye makro za kuhakiki na kutengeneza faili la kupakia, na makro hizo ni za VBA, lugha ya Microsoft, ambayo LibreOffice huitekeleza kwa sehemu tu. Fomu inaweza kufunguka, tarakimu zikaingia, na kitufe cha kuhakiki kisifanye kitu. Baadhi ya fomu za benki za kulipa mishahara kwa mkupuo zina shida ileile. Suluhisho halihitaji ubishi: nunua leseni moja halali ya Windows na Office, iweke kwenye kompyuta ya mhasibu, na wengine kumi watumie LibreOffice. Kwenye kompyuta hizo simika fonti za Carlito na Caladea, ambazo zina upana sawa na Calibri na Cambria. Bila hizo mistari husogea na barua ya ukurasa mmoja inakuwa ya kurasa mbili, halafu lawama zote zinakwenda kwa LibreOffice.

Data itatokaje

Jaribio hili lifanyike kabla ya kusaini, kwa programu huria na miliki sawasawa. Mwombe muuzaji akutolee kwa CSV (faili la maandishi la jedwali linalosomwa na programu nyingi) orodha ya wateja, orodha ya bidhaa na stoki, na miamala yote mstari kwa mstari: tarehe, akaunti, kiasi, namba ya mteja, namba ya ankara. Wengi wataleta PDF ya ripoti. PDF haikusaidii, kwa kuwa huwezi kuiingiza kwenye programu nyingine. Ukipata CSV, jumlisha vitu vitatu na uvilinganishe na skrini: urari, jumla ya wadaiwa, na thamani ya stoki. Visipolingana, kuna data iliyobaki ndani.

Programu huria ina faida ya kweli hapa. Data iko kwenye hifadhidata kama PostgreSQL au MariaDB, na amri ya pg_dump au mariadb-dump inaitoa yote bila ruhusa ya mtu. Lakini faida hiyo ni yako tu kama una nywila. Fundi mmoja anapokuwa ndiye mwenye nywila ya seva, mwenye jina la kikoa (anwani ya tovuti) na mwenye akaunti ya wingu (seva za kukodi mtandaoni), umefungwa kuliko mteja wa programu miliki yoyote. Kikoa kisajiliwe kwa jina la kampuni na barua pepe ya kampuni. Nywila za msimamizi ziandikwe na kufungiwa kwenye sefu, zibadilishwe fundi anapoondoka.

Hali ni hiyohiyo kwa programu uliyotengenezewa na kijana wa Ntinda au kampuni ya Kampala. Bila makubaliano ya maandishi hiyo ni programu miliki ya hatari kuliko zote, maana ina mtu mmoja tu anayeielewa. Mkataba useme hakimiliki ni ya nani, msimbo ukabidhiwe kila baada ya awamu ya malipo, na mtu mwingine aujenge na kuuendesha kwenye kompyuta tupu kabla ya awamu ya mwisho kulipwa.

Nani ataitengeneza

Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, mfumo wa seva wa Linux uliotarajiwa kutunzwa hadi 2029, ingeisha 31 Desemba 2021. Waliokuwa wameijengea seva zao walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, mwaka 2021 mbadala zake, AlmaLinux na Rocky Linux, zilikuwa tayari, na kuhama kulikuwa kazi ya saa chache kwa seva. Sasa linganisha: Intuit, mwenye QuickBooks, iliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani QuickBooks Desktop Pro na Premier baada ya 30 Septemba 2024, ikiwaelekeza kwenye huduma ya mtandaoni. Hakuna mtu mwingine anayeweza kuichukua Desktop na kuiendeleza, hata angekuwa na wateja elfu wanaoihitaji. Hiyo ndiyo tofauti tunayoiona kuwa nzito kuliko bei.

Bado, haki ya kuurekebisha msimbo haina thamani kama hakuna fundi karibu. Uganda ina uzoefu mkubwa kuliko watu wanavyodhani: mfumo wa kufundishia wa Makerere, MUELE, unaendeshwa kwa Moodle, Wizara ya Afya hukusanya takwimu kwa DHIS2, na UgandaEMR ya hospitali imejengwa juu ya OpenMRS. Zote ni huria. Kwa SACCO ipo Apache Fineract, inayotunza akiba na mikopo. Watu wa Linux na Odoo unawapata Kampala. Moroto au Kisoro itabidi uhakikishe kwanza kwamba fundi anaweza kuingia kwenye seva kwa mbali, na kwamba kuna mtu ofisini anayejua kubadilisha kebo na kuwasha UPS. Kwa upande mwingine, wahasibu wanaojua QuickBooks na Tally wapo wengi. Duka la watu watatu linaloletewa mhasibu mara moja kwa mwezi tunalishauri linunue leseni halali ya programu anayoijua mhasibu huyo.

Usalama haumpi ushindi yeyote. Tundu la Log4j la Desemba 2021 lilikuwa kwenye programu huria iliyoenea kila mahali. Kirusi cha NotPetya cha Juni 2017 kilisambaa kupitia sasisho la M.E.Doc, programu miliki ya uhasibu nchini Ukraine. Kinachookoa ni masasisho ya haraka na bakapu.

Ofisini au kwenye wingu

Jambo hili ni tofauti na leseni ingawa watu huyachanganya. Programu huria inaweza kukaa kwenye wingu, na programu miliki inaweza kukaa chini ya meza yako. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini tangu jioni ya tarehe 13 hadi 18. Aliyekuwa na kila kitu kwenye wingu hakuweza hata kuona bei zake. Aliyekuwa na seva ofisini aliendelea kuuza kupitia mtandao wa ndani. Kwa upande wa seva ya ofisini, adui ni umeme. Umeme ukikatika ghafla, majedwali ya MariaDB ya aina ya MyISAM huweza kuharibika. Ya InnoDB hujirudisha yenyewe kwa kawaida. Unganisha UPS na seva kwa kebo ya USB na usimike programu ya Network UPS Tools ili seva ijizime yenyewe betri ikikaribia kwisha.

Bakapu ziwe tatu: moja kwenye seva, moja kwenye diski ya nje inayochomolewa na kupelekwa nyumbani, moja nje ya jengo au kwenye wingu. Mara moja kila robo mwaka irudishe bakapu kwenye kompyuta nyingine na ufungue urari. Bakapu isiyowahi kurudishwa usiihesabu. Ukiweka taarifa za wateja nje ya Uganda, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka uhakikishe zinalindwa huko au upate ridhaa ya wenyewe.

Siku ya kuhama

Hama tarehe 1 Julai, mwaka wa kodi unapoanza, ili mwaka mmoja usigawanyike katika vitabu viwili. Ingiza salio la mwanzo, wadaiwa mmoja mmoja na stoki iliyohesabiwa kwa mikono siku hiyo, wala usijaribu kuhamisha miamala ya miaka kumi. Endesha programu zote mbili kwa mwezi mmoja, lakini ankara za EFRIS zitoke kwa moja tu, la sivyo utatangaza mauzo mara mbili. Mwisho wa mwezi linganisha urari wa pande zote mbili kabla ya kuifunga ya zamani. URA inaweza kudai kumbukumbu za miaka mitano iliyopita, hivyo toa leja na ankara za zamani kwa CSV na PDF, na uitunze kompyuta moja ambayo bado inaifungua programu ile ya zamani hadi miaka hiyo ipite.